Jinsi ya Kumpandisha Mtoto wa Mwanza Ngazi ya Mbio za Fomula

Mzazi anayegundua kwamba mtoto wake ana kipaji cha usukani huanza, karibu kila mara, kwa kuuliza bei ya gari. Nimeulizwa swali hilo Igoma, nimeulizwa Nyegezi, na mara moja nimeulizwa ndani ya kivuko cha Kamanga na baba aliyekuwa akirudi Sengerema pamoja na kijana wake wa miaka tisa, ambaye safari nzima alisimama akitazama mikono ya nahodha badala ya kutazama maji. Nilimjibu kwa swali: mtoto amezaliwa mwezi gani, mwaka gani? Mbio za magari ya magurudumu wazi, yaani yale ya kiti kimoja ambayo magurudumu yake yamekaa nje ya bodi na ambayo kilele chake ni Fomula 1, zina ngazi yenye milango inayofunguliwa na kufungwa kwa umri. Mzazi anayeishi mbali na viwanja, kama tulivyo sisi wa Kanda ya Ziwa, hupitwa na mlango mmoja baada ya mwingine kwa sababu anasubiri fedha zitimie ndipo aanze.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya daftari na kalamu. Hesabu ianzie juu, ishuke hadi umri alionao mtoto leo.

Kuhesabu kutoka juu

Juu kabisa kuna Leseni Kuu inayotolewa na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, na hakuna anayeshindana katika Fomula 1 bila leseni hiyo. Mwombaji anatakiwa awe ametimiza miaka 18, ingawa tangu 2024 shirikisho linaweza, kwa hiari yake, kumpa kijana wa miaka 17 aliyeonyesha uwezo na ukomavu wa pekee. Anatakiwa awe amekamilisha angalau asilimia 80 ya kila msimu katika misimu miwili ya mashindano yanayotambuliwa, na awe amekusanya pointi 40 ndani ya misimu mitatu. Masharti haya yalikazwa baada ya Max Verstappen kuanza Fomula 1 mwaka 2015 akiwa na miaka 17, akiwa ametumia msimu mmoja tu kwenye magari ya kiti kimoja. Kabla yake, mwaka 2001, Kimi Räikkönen aliingia akiwa ameshiriki mbio 23 tu za magari. Mzazi akisimuliwa habari za madereva hao kama mfano wa njia ya mkato, ajue kwamba njia hiyo imeshazibwa kwa maandishi.

Pointi 40 hupatikana wapi? Anayemaliza katika nafasi tatu za kwanza za Fomula 2, daraja lililo chini tu ya Fomula 1, hupata zote 40 kwa msimu mmoja, wa nne hupata 30, wa tano 20, na wa sita 10 tu. Bingwa wa Fomula 3 hupata 30. Bingwa wa Fomula ya Kanda (Formula Regional) ya Ulaya, daraja lililo kati ya Fomula 4 na Fomula 3, hupata 25, na bingwa wa Fomula 4 hupata 12. Bingwa wa dunia wa gokati, yaani vigari vidogo vya mbio, katika daraja la wakubwa hupata pointi nne. Jedwali hili lisomwe kwa makini, kwa sababu linaeleza jambo ambalo wazazi wengi hawataki kulisikia: kukaa miaka mingi katika daraja la chini na kushinda kila kitu hakumfikishi mtoto juu. Misimu mitatu ikipita, pointi za zamani hufutika, na hesabu huanza upya.

Fomula 4 hupokea dereva kuanzia miaka 15. Tukichukulia mwaka mmoja au miwili hapo, mmoja katika Fomula ya Kanda, mmoja au miwili katika Fomula 3 na miwili katika Fomula 2, kijana atakuwa na miaka kati ya 19 na 22 atakapostahili leseni. Kabla ya miaka 15 anatakiwa awe amemaliza elimu yake ya gokati, ambayo kwa wenzetu wa Ulaya huanza akiwa na miaka saba au minane. Lewis Hamilton alianza akiwa na miaka minane, akachukuliwa katika mpango wa vijana wa McLaren na Mercedes mwaka 1998 akiwa na miaka 13, akawa bingwa wa Formula Renault ya Uingereza, daraja la vijana la wakati huo, 2003, bingwa wa Fomula 3 ya Ulaya 2005, bingwa wa GP2 (jina la zamani la Fomula 2) 2006, na akaanza Fomula 1 mwaka 2007. Ni miaka 14 tangu gokati ya kwanza, bila kuruka daraja kubwa lolote. Yule kijana wa kivukoni mwenye miaka tisa alikuwa amebakiwa na misimu sita kabla ya Fomula 4, na kwa maoni yangu miwili ya mwisho kati ya hiyo lazima itumike nje ya Afrika Mashariki.

Kama mwanao ana miaka 16 na hajawahi kukaa kwenye gokati, sitakudanganya: kiti cha Fomula 1 hakipo tena mbele yake. Mbio nyingine zipo. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda shindano la wachezaji wa gemu la GT Academy mwaka 2011, na miaka miwili baadaye alipata nafasi ya tatu katika daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Huo ni ulimwengu wa magari ya GT, yaani magari ya michezo ya barabarani yaliyoboreshwa kwa mbio, na ya masafa marefu, ambao una kanuni zake na unastahili mwongozo wake.

Gokati, na kile ambacho Mwaloni tayari wanakijua

Gokati ya mashindano si kile kigari cha kukodisha katika viwanja vya michezo ya watoto. Ni fremu ya mabomba ya chuma isiyo na springi wala shokomzoba, yenye injini ndogo ya sisi 125 ya stroki mbili, na katika madaraja mengi breki ziko nyuma tu. Ekseli yake ya nyuma ni fimbo moja isiyo na difu, kwa hiyo magurudumu yote mawili ya nyuma huzunguka kwa mwendo uleule hata gokati ikiwa kwenye kona. Ili ikubali kugeuka, gurudumu la nyuma la upande wa ndani lazima linyanyuke kidogo, na kinacholifanya linyanyuke ni pembe ya usukani, uzito wa dereva na jinsi fremu inavyojikunja. Mtoto anayeingia kona kwa kuvuta usukani kwa pupa huiyumbisha na kuiua kasi. Anayeingia kwa mkono mtulivu huisikia ikinyanyuka na kushuka chini ya kiti chake. Hisia hiyo ya kiunoni ndiyo elimu yote ya gokati, na ndiyo sababu mtu akijifunza akiwa mkubwa huwa amechelewa.

Wakazi wa Mwanza wana faida moja ambayo sijaona mtu akiitaja. Injini za Yamaha za stroki mbili zinazosukuma mitumbwi ya wavuvi zina ndugu wa karibu katika injini ya gokati: petroli iliyochanganywa na oili, kabureta, plagi, pistoni na ringi zake. Fundi wa Mwaloni pale Kirumba ambaye amekaa miaka akisikiliza injini ya mtumbwi na kusema kwa sikio kwamba mafuta yamezidi au yamepungua, huyo tayari ameshapita nusu ya mafunzo ya fundi wa gokati. Mpeni kazi ya kabureta, mnyororo, plagi na usafi wa fremu, na mumlipe vizuri. Asiguse ndani ya injini ya Rotax, chapa ya Austria inayotumika sana katika gokati, hata kama mkono unamwasha, kwa sababu injini za Rotax Max hufungwa kwa lakiri na kufunguliwa na vituo vilivyoidhinishwa tu. Lakiri ikivunjwa, injini haikubaliki tena kwenye mashindano. Utaratibu huo ndio unaonifanya niwashauri wazazi wa huku waanze na Rotax: injini za washindani wote zinakaribiana nguvu, na tajiri hawezi kununua kasi kwa urahisi kama ilivyo katika madaraja ya wazi.

Fundi huyo akumbushwe habari ya mwinuko. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Nairobi iko juu zaidi, na viwanja vya Johannesburg na Pretoria pia viko juu sana. Huko hewa ni nyepesi, kwa hiyo jeti (kitundu cha kabureta kinachopima petroli) inayofaa Dar es Salaam humwaga mafuta mengi kupita kiasi Nairobi, na gokati hukohoa katika kutoka kwenye kona. Dereva mdogo hudhani kosa ni lake. Nilishuhudia mtoto wa ndugu yangu akilia Nairobi kwa sababu hiyo, naye alikuwa ameendesha vizuri kuliko siku zote. Aliyekosea ni mtu mzima aliyekuwa ameshika bisibisi, na mtu mzima huyo ni mimi.

Mwanza haina uwanja wa lami wa mbio. Wapo wanaopendekeza barabara mpya za pembezoni kuelekea Usagara au Kisesa alfajiri, kabla malori hayajaamka. Jibu ni hapana. Ni kosa la jinai, ni hatari kwa waenda kwa miguu, na hata kwa mafunzo haifai, kwa sababu barabara iliyonyooka haimfundishi dereva chochote. Uwanja wa saruji uliozungushiwa ukuta, kwa ruhusa ya mwenye nao, wenye matairi chakavu yaliyopangwa kama kona, unatosha kwa mwaka wa kwanza wa kujifunza breki na macho. Baada ya hapo safari ni ya Sirari na kuvuka mpaka. Kenya ina mashindano ya taifa ya gokati, na kutoka Mwanza kwenda Nairobi kwa basi ni safari ya siku nzima, ambayo ni ya kuchosha lakini inawezekana mara moja kwa mwezi. Afrika Kusini ndiyo shule kubwa ya bara hili, yenye viwanja kama Zwartkops na Killarney, na ndiyo nchi pekee ya Afrika iliyowahi kutoa bingwa wa dunia wa Fomula 1, Jody Scheckter, mwaka 1979.

Usinunue gokati mpya mwaka wa kwanza. Kodi, kwa siku nzima badala ya dakika kumi, na kila mzunguko uandikwe daftarini: muda, hali ya hewa, presha ya tairi, na sentensi moja ya mtoto mwenyewe kuhusu kona iliyomsumbua. Sentensi hiyo ina thamani kuliko muda wa mzunguko. Baadaye maisha yake yote yatategemea uwezo wa kumweleza mhandisi, kwa maneno yanayoeleweka, gari linafanya nini katika mlango wa kona, katikati na katika kutoka. Na watoto wetu, waliozoeshwa kunyamaza mbele ya wakubwa, hupata shida hapo kuliko kwenye kasi.

Kinachoweza kufanyika nyumbani

Katika Fomula 2 na Fomula 3 dereva hupewa kipindi kimoja tu cha mazoezi cha dakika 45 kabla ya kutafuta nafasi ya kuanzia. Hakuna muda wa kujifunza uwanja baada ya kufika. Anatakiwa aujue kabla hajapanda ndege, na hapo ndipo simyuleta inapoingia. Kompyuta ya wastani, usukani wenye nguvu ya kurudisha mkono na pedali ambayo breki yake inapima mkandamizo badala ya umbali vinatosha kabisa. Kiti fundi seremala wa Mabatini atakitengeneza kwa mbao. Programu ya Assetto Corsa ni ya bei nafuu na haihitaji intaneti muda wote. iRacing hulipiwa kila mwezi, ina gari la Fomula 4, na huwapanga washindani kwa uwezo na kwa usalama wa uendeshaji wao, kwa hiyo mtoto anayegonga wenzake hushushwa, jambo ambalo ni malezi mazuri. Nunua betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya mbio, mtandao hauelewi kwamba ni mgawo. Unahesabu kwamba umekimbia.

Mwili nao unajengwa huku huku. Gari la Fomula 1 humkandamiza dereva kwa nguvu inayofika mara tano ya uzito wake katika breki na kona, na gari la Fomula 2 halina usukani wa kusaidiwa, kwa hiyo mabega na shingo hufanya kazi ya punda. Shingo ya mtoto isibebeshwe vyuma kabla ya balehe. Kusukuma kichwa dhidi ya kiganja chake mwenyewe, pande nne, sekunde chache kila siku, kunatosha hadi mtaalamu wa mazoezi amwone. Kukimbia milima ya mawe ya Capri Point kunampa pumzi. Kuogelea ni bora zaidi, lakini kwenye bwawa lililotunzwa na si ufukweni, kwa sababu kichocho cha ziwani hakijali ndoto za mtu.

Asiache shule. Nasema hivi bila maelezo marefu: fizikia, hesabu na Kiingereza atavitumia kila siku ya kazi yake, na wachache sana kati ya wanaoanza hufika.

Karatasi

Mwanachama wa FIA kwa upande wa Tanzania ni Automobile Association of Tanzania, AAT, ambayo ndiyo inayosimamia mbio za magari nchini na kutoa leseni za mashindano. Bila leseni ya chama cha taifa, mtoto hatambuliki nje ya mpaka, hata kama anawashinda wote. Anzeni mawasiliano nao mapema, kwa barua rasmi na kwa heshima, na mtoto awe na rekodi ya mbio mtakazoionyesha. Sababu ya pili ya kuwa karibu na chama ni kwamba FIA imekuwa na mashindano ya vijana ambayo chama cha taifa ndicho kinachopendekeza jina, huku vifaa vikiwa sawa kwa wote. Charles Leclerc, aliyekuja kuwa dereva wa Fomula 1, alishinda Karting Academy Trophy ya mwaka 2011 kwa njia ya namna hiyo. Kwa familia isiyo na mamilioni, hiyo ndiyo nafasi ya kukaa mstari mmoja na watoto wa matajiri kwenye gokati inayofanana na yao, na nafasi hiyo huombwa na chama, si na mzazi.

Wenye mabinti wana milango ya ziada. Mpango wa FIA wa kutafuta vipaji vya wasichana ulimpeleka Maya Weug katika chuo cha madereva cha Ferrari mwaka 2021, akiwa msichana wa kwanza kuingia hapo, na tangu 2023 kuna F1 Academy, mashindano ya wanawake yanayotumia magari ya daraja la Fomula 4, ambayo bingwa wake wa kwanza alikuwa Marta García. Sioni sababu ya mzazi wa Mwanza kumnyima binti usukani huku kaka yake akipewa.

Pasipoti ya mtoto iwe tayari miaka miwili kabla haijahitajika. Viza za Ulaya kwa mtoto asiyetimiza miaka 18 hudai ridhaa ya wazazi wote wawili, na nimeona safari ikifa kwa sababu baba alikuwa mgodini Geita na saini yake ilichelewa siku nne.

Fedha, na mahali pa kusimama

Msimu mmoja wa Fomula 4 Ulaya hukadiriwa kugharimu euro laki tatu hadi nusu milioni ukijumlisha majaribio. Fomula 3 hupita milioni moja, na Fomula 2 hufika milioni mbili au tatu. Hakuna mshahara wa mzazi unaolipa hayo. Baba yake Hamilton alifanya kazi zaidi ya moja ili kulipia gokati, na wazazi wa dereva Mfaransa Esteban Ocon waliuza nyumba wakaishi kwenye karavani. Hadithi hizo zinasimuliwa kwa sababu watoto hao walifika. Za waliouza nyumba na wasifike hazina wa kuzisimulia. Ushauri wangu ni kwamba nyumba na shamba visiuzwe kwa ajili ya daraja lolote. Fedha ya familia ilipe gokati na safari za Nairobi na Afrika Kusini. Kuanzia Fomula 4, alipe mtu mwingine, au safari ikome.

Mtu huyo mwingine hupatikanaje? Barua nyingi za kuomba udhamini ninazoonyeshwa huanza na shida za mtoto na kumalizikia na namba ya benki. Kampuni ya mabasi, kiwanda cha minofu ya sangara au muuza vipuri hahitaji shida nyingine, ana zake. Stika ya kampuni kwenye gokati inayokimbia Nairobi haiuzi tiketi hata moja ya basi la Mwanza, na mwenye kampuni anajua hivyo. Ileteni gokati kwa wateja wake. Iwekeni kwenye maonyesho ya Nanenane pale Nyamhongolo, mtoto akiwa amevaa ovaroli yenye nembo, simyuleta ikiwa pembeni ili watoto wajaribu na wazazi wao wasimame muda mrefu mbele ya bango. Mpigieni mdhamini hesabu ya waliofika, wangapi waliacha namba, na picha zilizosambaa. Ombeni kiasi kidogo kwa mwaka wa kwanza, kitumieni kama mlivyosema, kisha mrudishe taarifa yenye risiti. Mdhamini aliyepewa risiti bila kuzidai hurudi. Hilo nimeliona mara tatu, na mara zote kiasi cha mwaka wa pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza.

Wekeni pia mahali pa kusimama, na muandike kabla ya kuanza, mkiwa bado na akili za kawaida. Kwangu mimi, mtoto ambaye katika msimu wake wa pili wa gokati nje ya Afrika Mashariki hafiki robo ya mbele ya washindani, asipelekwe Fomula 4. Akiwa Fomula 4 na mwaka wa pili hajamaliza ndani ya tano bora, fedha za mdhamini zisiendelee kuchomwa. Atakuwa na miaka 16 au 17, umri ambao bado anaweza kurudi darasani na kusomea uhandisi, au kuwa mwalimu wa gokati katika kanda ambayo haina hata mmoja.

Kwa atakayevuka, Ulaya si njia pekee ya kuanzia Fomula 4. Falme za Kiarabu na India zina mashindano yake, yako karibu zaidi nasi na viza zake si ngumu kama za Ulaya. Lakini kuanzia Fomula ya Kanda, kuhamia Ulaya hakukwepeki. Oscar Piastri aliondoka Australia akiwa kijana wa miaka 14 akasoma shule ya bweni Uingereza huku akishindana, na Zhou Guanyu alitoka Shanghai kwenda kuishi Sheffield, Uingereza, akiwa mdogo zaidi ya hapo; wote wawili walifika Fomula 1. Mtoto wa Mwanza atahitaji mtu mzima wa kuaminika huko, chumba, shule na simu ya kila jioni. Magari yenyewe huongezeka nguvu kwa hatua: takriban nguvu za farasi 180 katika Fomula 4, 270 katika Fomula ya Kanda, 380 katika Fomula 3 na 620 katika Fomula 2. Dereva hujifunza kwanza kutumia mshiko wa tairi, kisha kuamini bawa la gari, linaloligandamiza chini, kwenye kona za kasi, kisha, katika Fomula 2, kuyatunza matairi kwa mbio nzima, jambo linalowaangusha wengi waliokuwa wepesi huko nyuma.

Hapo ndipo timu kubwa hutuma mikataba ya vyuo vyao. Usisaini ukiwa na furaha. Mpelekee wakili anayejua mikataba ya michezo, na aulize maswali matatu: nani analipa msimu, ni asilimia ngapi ya mapato ya baadaye itakatwa na kwa miaka mingapi, na mtoto akiachwa katikati ya msimu, kiti chake kinabaki kwa nani. Red Bull, Mercedes, Ferrari, McLaren na wengine huacha vijana kila mwaka bila kuona haya, na viti vya Fomula 1 ni 22 tu tangu timu ya 11 iongezwe mwaka 2026. Hata aliyeshinda kila kitu anaweza kusubiri: Piastri alitwaa ubingwa wa Formula Renault Eurocup 2019, wa Fomula 3 mwaka 2020 na wa Fomula 2 mwaka 2021, kisha akakaa mwaka mzima wa 2022 akiwa dereva wa akiba kabla ya kuanza mbio 2023.

Pointi zikitimia, hubaki majaribio mawili. Mwombaji huendesha gari la Fomula 1 angalau kilomita 300 kwa mwendo wa mbio, ndani ya siku mbili, na hujibu mtihani wa kanuni, ambao si wa kupuuzwa na dereva aliyezoea kuachia meneja wake kusoma. Fomu ya maombi hupitia chama cha taifa lake kabla ya kwenda FIA, kwa hiyo karatasi ya mwisho hurudi Dar es Salaam, kwenye ofisi ileile iliyotoa leseni ya gokati. Na katika mashindano ya dunia ya FIA dereva huhesabiwa kwa uraia wa pasipoti yake, hata kama timu ni ya Italia na anaishi Uingereza. Mwenye pasipoti ya Tanzania akisimama jukwaani, bendera inayopandishwa ni ya Tanzania.